Barua Iliyokosa Jibu

Hotuba ya jioni iliyosomwa redioni
Masomo: Luka 16:10, Wafilipi 2:3-4

 

Nataka kuanza na swali. Je, kuna mtu anayengoja jibu lako? Labda ni barua iliyokaa ndani ya Biblia yako tangu Pasaka. Labda ni ujumbe ulioingia katika simu yako, ukausoma, ukasema moyoni, "Nitamjibu kesho." Kesho ikaja, ikapita, na mtu yule bado anangoja.

Mimi mwenyewe niliwahi kuacha barua kama hiyo, nami nitawaeleza habari zake kabla hatujaagana. Lakini kwanza nitawasimulia habari za mtu mwenye akili nyingi kuliko yangu, ambaye barua moja isiyojibiwa ilimpita pamoja na sayari nzima.

Mtu huyo aliitwa John Couch Adams, naye alikuwa mtaalamu wa nyota nchini Uingereza katika karne ya 19. Nisemapo mtaalamu wa nyota, sisemi wale wapigao ramli na kuwatabiria watu bahati. Nasema mtu apimaye mwendo wa nyota na sayari kwa hesabu na kwa darubini, kama vile karani apimavyo kahawa kwa mizani.

Adams alizaliwa tarehe 5 Juni 1819 katika shamba liitwalo Lidcot, karibu na kijiji cha Laneast, huko Cornwall, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima wa shamba la kukodi, si mtu wa mali. Watoto walikuwa saba, na John ndiye kifungua mimba. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya Wamethodisti, nyumba ya sala na nyimbo. Mmoja wa ndugu zake, Thomas, baadaye alikwenda kuwa mmishenari katika visiwa vya Tonga. Mama yao alikuwa amerithi vitabu vichache, na kati yake vilikuwamo vya habari za nyota. Ndivyo kijana huyo alivyoanza kutazama juu. Alipokuwa na umri wa miaka 16, ile nyota yenye mkia iitwayo Halley ilirudi, naye akaitafuta jioni baada ya jioni mpaka akaiona.

Mwaka 1839 aliingia katika chuo cha St John's, Cambridge, kama mwanafunzi maskini aliyepunguziwa karo. Mwaka 1843 akamaliza akiwa wa kwanza katika mtihani wa hesabu wa chuo kikuu kizima. Je, aliisahau nyumba yao? Hapana. Alifundisha wanafunzi wengine kwa malipo, na fedha alizopata akazituma nyumbani kuwasomesha wadogo zake. Hata mtumishi aliyemtandikia kitanda chuoni, Adams alimfundisha kusoma. Basi msidhani kwamba nasimulia habari za mtu mvivu, au mtu asiyejali wenzake. Ndiyo maana habari zake zanigusa.

Sasa nieleze kazi aliyoifanya. Mwaka 1781 William Herschel aligundua sayari ya Uranusi, ambayo hulizunguka jua mara moja kwa miaka 84. Wataalamu wakaandika majedwali ya kuonyesha sayari hiyo itakuwa wapi kila mwaka. Lakini Uranusi haikufuata majedwali yao. Kwa miaka kadhaa ilitangulia kidogo, kisha ikaanza kuchelewa. Wengine wakauliza, je, sheria ya uvutano aliyoieleza Newton inapungua nguvu mbali kiasi hicho? Wengine wakafikiri kwamba nje ya Uranusi iko sayari nyingine, isiyojulikana na mtu yeyote, nayo ndiyo inayoivuta.

Wewe uliye mkulima unajua jambo hili. Ukisimama kando ya shamba la mahindi, upepo umetulia, kisha ukaona mabua yanatikisika, unasema, "Kuna mnyama humu." Hujamwona mnyama, umeona mabua tu. Na ukiangalia vizuri jinsi yanavyotikisika, unaweza kukisia yuko wapi na anaelekea wapi. Uranusi ilikuwa kama bua lile. Lakini ni nani angeweza kuhesabu, kwa kutikisika kudogo kama kule, mahali alipo mnyama asiyeonekana?

Tarehe 3 Julai 1841, akiwa mwanafunzi wa miaka 22, Adams aliandika katika karatasi kwamba akiisha kupata digrii yake ataichunguza kazi hiyo mara moja. Karatasi hiyo imehifadhiwa chuoni kwake mpaka leo. Na alichokiandika alikitenda. Aliianza hesabu mwaka 1843, wakati wa likizo, kule kule shambani Lidcot. Ndugu yake George alikaa naye usiku, watu wengine wakiwa wamelala, akitazama juu ya bega lake ili kuhakikisha kwamba tarakimu zimenakiliwa na kujumlishwa bila kosa. Mama yao, kabla ya kwenda kulala, aliwaandalia maziwa na mkate. Hapakuwa na mashine ya kuhesabia. Palikuwa na kalamu, karatasi na subira.

Kufikia Septemba 1845 Adams alikuwa amepata jibu. Aliweza kutaja ni upande gani wa mbingu sayari hiyo ingeonekana. Leo twajua kwamba mahali alipopataja palikosea kwa digrii 2 hivi. Nyosha mkono wako mbele ya uso na utazame vidole viwili vya mwisho vikiwa pamoja. Katika mbingu yote, kijana yule alikosa kwa upana kama huo tu.

Alimwonyesha James Challis, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota huko Cambridge. Challis akampa barua ya kumtambulisha kwa George Airy, Mtaalamu Mkuu wa Nyota wa serikali ya Uingereza, aliyekaa Greenwich. Adams akaenda Greenwich mwezi huo huo wa Septemba. Airy alikuwa safarini Ufaransa. Akaenda tena tarehe 21 Oktoba 1845. Airy alikuwa ametoka. Akarudi siku ile ile baadaye; akaambiwa mlangoni kwamba bwana yuko mezani anakula, hawezi kusumbuliwa. Adams akaacha karatasi yenye majibu yake, akaenda zake.

Wapendwa, wangapi wetu tumesimama mbele ya mlango kama huo? Umevaa nguo yako nzuri, umetumia nauli, umebeba vyeti vyako katika bahasha, na mtu wa mlangoni anakuambia, "Mkubwa ana shughuli." Unarudi nyumbani na uchungu moyoni, na njiani unasema, "Hawanitaki. Basi na mimi siwataki."

Lakini sikilizeni. Airy aliisoma karatasi ile. Tena tarehe 5 Novemba alimwandikia Adams barua. Ndani yake kulikuwa na swali moja: je, sayari hiyo mpya inaweza kueleza pia makosa yaliyoonekana katika umbali wa Uranusi kutoka kwa jua, wala si upande inapoonekana tu? Kwa Airy hilo lilikuwa swali la maana. Jibu lake lingemsaidia kujua kama kweli iko sayari, au kama sheria yenyewe ya uvutano ina kasoro. Mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa umefunguliwa tena, kiasi cha upana wa bahasha.

Adams hakujibu.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kwake. Angeweza kulijibu kwa mistari michache. Baadaye alieleza kwamba hakujua Airy alilipa swali lile uzito mkubwa namna ile. Na jambo linalonihuzunisha zaidi ni hili. Kati ya karatasi za jamaa yake zilizohifadhiwa Cornwall ilionekana barua aliyoanza kumwandikia Airy tarehe 13 Novemba 1845, siku 8 tu baada ya kuulizwa. Habari za barua hiyo zilitangazwa mwaka 2004. Aliandika kurasa mbili, akataka kueleza njia yake yote tangu mwanzo, kisha akaacha. Haikumalizwa, wala haikufika posta. Miezi ikapita, na Airy akakaa kimya.

Wakati huo huo, huko Paris, alikuwako Urbain Le Verrier, naye akifanya hesabu ile ile. Hakujua habari za Adams, wala Adams hakujua habari zake. Tarehe 1 Juni 1846 Le Verrier alitangaza mahali alipodhani sayari hiyo ipo. Airy alipoisoma habari hiyo, akaona kwamba inakubaliana sana na karatasi aliyoachiwa na Adams. Akamwandikia Le Verrier tarehe 26 Juni, akamwuliza swali lile lile alilomwuliza Adams. Le Verrier alijibu tarehe 28 Juni.

Mtu mmoja aliulizwa swali, akanyamaza. Mwingine aliulizwa swali lile lile, akajibu mara moja.

Sasa Airy akaamka. Alimhimiza Challis aitafute sayari kwa darubini kubwa ya Cambridge. Challis alianza kazi tarehe 29 Julai. Tarehe 4 Agosti aliiona sayari ile, akaandika mahali pake. Tarehe 12 Agosti akaiona tena, akaandika. Lakini hakuyalinganisha maandishi ya usiku mmoja na ya usiku mwingine, kwa hiyo hakutambua kwamba nyota mojawapo imehama. Alikuwa nayo ndani ya daftari lake, wala hakujua.

Basi sayari ilipatikana namna gani? Hapa kuna jambo ambalo ningependa mlishike. Mwaka 1845 kijana mmoja wa Berlin, Johann Galle, alikuwa amempelekea Le Verrier kitabu cha utafiti wake. Le Verrier naye alikuwa hajamjibu! Naam, huyo aliyemjibu Airy mara moja alikuwa na barua yake mwenyewe iliyolala. Lakini tarehe 18 Septemba 1846 alichukua kalamu, akamwandikia Galle kumshukuru kwa kitabu kile, na katika barua hiyo hiyo akamwomba aelekeze darubini mahali fulani mbinguni. Jibu lilikuwa limechelewa sana, lakini lilikwenda.

Barua ilimfikia Galle tarehe 23 Septemba. Galle akamwomba ruhusa mkuu wake, Johann Encke, atumie darubini usiku ule. Encke hakuwa na matumaini makubwa, tena siku ile ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwake, lakini aliruhusu. Mwanafunzi mmoja, Heinrich d'Arrest, akaomba aje kusaidia, akaruhusiwa naye. Mwanafunzi huyo ndiye aliyeshauri watumie ramani mpya ya nyota. Galle akawa anataja nyota azionazo katika darubini, na d'Arrest akawa anazitafuta katika ramani. Moja. Nyingine. Nyingine tena. Mpaka ikatajwa moja ambayo haikuwamo katika ramani. Ilikuwa karibu na mahali alipopataja Le Verrier, haikupungukiwa hata na digrii moja. Usiku wa pili wakaona imehama kidogo. Ndiyo hiyo sayari tunayoiita Neptuni, iliyo mbali na jua mara 30 kuliko dunia yetu, inayolizunguka jua kwa muda wa miaka 165 hivi.

Angalieni ilivyokuwa Berlin: barua iliyochelewa lakini ikaandikwa, mkuu aliyekuwa na shughuli lakini akafungua mlango, mwanafunzi mdogo aliyesikilizwa. Kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo, na kwa usiku mmoja kazi ya miaka ikakamilika. Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Uingereza palikuwa na nyufa tatu ndogo, na hapana aliyeziba hata mmoja.

Habari zilipofika Uingereza, na watu walipojua kwamba kijana wa Cambridge alikuwa na jibu mwaka mzima kabla, palizuka ugomvi. Waingereza wengine walimlaumu Airy, wengine walimlaumu Challis. Magazeti ya Ufaransa yakasema Waingereza wanataka kuiba sifa ya Le Verrier. Watu wazima wenye elimu waligombana kwa ajili ya kitu kilicho mbali nao kilomita milioni 4,500, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiumba.

Na Adams je? Alikuwa na umri wa miaka 27. Angeweza kusema, "Nilifukuzwa mlangoni." Watu wangemshangilia. Angeweza kujaza magazeti kwa uchungu wake.

Tarehe 13 Novemba 1846, mwaka mmoja kamili tangu siku aliyoanza ile barua asiyoimaliza, alisimama mbele ya Chama cha Kifalme cha Wataalamu wa Nyota mjini London, akaieleza hesabu yake. Naye akasema waziwazi kwamba hakukusudia kumpunguzia Le Verrier haki yake, kwa maana Le Verrier ndiye aliyetangaza kwanza, na hesabu yake ndiyo iliyomwongoza Galle. Siku 5 baadaye alimwandikia Airy. Mara hii barua aliimaliza. Alikiri kwamba ni yeye aliyekosa kwa kutojibu, na kwamba anajuta sana. Alieleza sababu yake, lakini akasema kwamba sababu hiyo haiondoi kosa lake.

Wapenzi wasikilizaji, huo ni ukiri wa mtu mzima. Wengi wetu tukiomba radhi, twasema, "Nisamehe, lakini na wewe..." Kisha tunafuata na hesabu ndefu ya makosa ya mwenzetu. Adams alikuwa na "lakini" yenye nguvu mkononi mwake. Alikuwa na mlango uliofungwa. Hakuutumia.

Mwezi wa Juni mwaka 1847 Adams na Le Verrier walikutana uso kwa uso huko Oxford, katika mkutano wa wataalamu. Mataifa yao yalikuwa bado yananung'unika. Wao wawili wakapatana. Mwaka huo huo Malkia Victoria alizuru Cambridge, na Adams akaambiwa kwamba anaweza kupewa cheo cha Sir. Alikikataa kwa heshima.

Ni haki niseme pia kwamba wataalamu wa historia wa siku zetu wamezichunguza karatasi zile upya. Wengi wao wasema kwamba sifa kubwa ni ya Le Verrier, kwa sababu Adams alikuwa bado akibadilisha hesabu zake, na mahali alipopataja palihamahama. Nami nadhani Adams asingekasirika kusikia hayo, maana yeye mwenyewe alikuwa ametangulia kuyasema.

Tena maisha yake hayakuishia pale alipokosa. Mwaka 1859 alifanywa profesa huko Cambridge. Mwaka 1861 akawa mkuu wa nyumba ile ile ya kutazamia nyota aliyokuwa akiitunza Challis. Mwaka 1853 alisahihisha hesabu ya mwendo wa mwezi iliyoachwa na Laplace, mtaalamu mkubwa wa Ufaransa. Baada ya vimondo vingi kuanguka mwezi wa Novemba 1866, alionyesha kwamba kundi lile la vimondo hulizunguka jua kwa miaka 33 na robo. Mwaka 1881 aliombwa kushika kiti kile kile cha Airy, kuwa Mtaalamu Mkuu wa Nyota wa serikali. Akashukuru, akakataa.

Lakini katika habari zake zote ninaipenda zaidi siku moja ya mwaka 1876. Mwaka huo Chama cha Kifalme cha Wataalamu wa Nyota kiliamua kumpa Le Verrier nishani ya dhahabu kwa kazi yake kubwa juu ya mwendo wa sayari. Na rais wa chama wakati huo alikuwa nani? Alikuwa John Couch Adams. Yeye ndiye aliyesimama kutoa hotuba ya kumsifu mtu yule aliyempita miaka 30 kabla. Aliieleza kazi ya mwenzake kwa uangalifu, sehemu baada ya sehemu, kama mtu anayefurahia mali ya ndugu yake. Mwaka uliofuata Le Verrier alifariki, tarehe 23 Septemba 1877, siku ile ile ya mwezi ambayo sayari yake ilionekana. Adams alifariki tarehe 21 Januari 1892, akiwa mtu wa kanisa mpaka mwisho wake.

Basi, tupate nini katika habari hizi?

Niliahidi kuwaeleza habari za barua yangu, na ahadi ni deni. Nilipokuwa mwalimu kijana, nikifundisha mbali na nyumbani, mama yangu aliniletea barua. Yeye hakujua kuandika. Aliandikiwa na mtoto wa jirani. Baada ya salamu nyingi aliuliza jambo moja: yule ndama mwekundu, amuuze sasa au angoje mvua? Niliisoma, nikatabasamu. Nilijiambia, "Swali dogo. Nitamjibu mwisho wa mwezi, niweke na pesa kidogo ndani ya bahasha, iwe barua ya maana." Mwisho wa mwezi pesa hazikutosha. Mwezi wa pili vilevile. Nilitaka kupeleka barua kubwa, nikashindwa kupeleka barua ndogo. Mvua haikuja mwaka ule. Nilipofika nyumbani likizoni, ndama alikuwa amekufa, na ngozi yake imetandazwa ukutani. Mama hakunilaumu. Alinipikia chai, akaketi, akasema polepole, "Mwanangu, nilidhani swali langu lilikuwa la kijinga, ndiyo maana hukujibu."

Hasara ya ndama tuliisahau. Neno lile sijalisahau.

Ndugu na dada, mtu asipojibiwa hahesabu siku tu. Huanza kujihesabu mwenyewe. Husema, "Labda mimi si kitu." Bwana wetu alifundisha kwamba uaminifu hupimwa kwanza katika yale madogo, na nimekuja kuelewa kwamba mara nyingi hayo madogo ni watu. Ni mjane anayeuliza habari za karatasi zake. Ni kijana anayeuliza kama kuna nafasi ya kazi. Hata kama jibu ni hapana, anahitaji hiyo hapana ili aende kutafuta pengine. Ni mke aliye mashambani anayeuliza utarudi lini. Swali jepesi kwako laweza kuwa zito kwake. Airy alikuwa mkubwa, na Adams alikuwa kijana; hata hivyo mkubwa yule alikuwa akingoja.

Tena wewe uliyefungiwa mlango, usiache uchungu ukufunge mdomo. Huenda mtu yule aliyekuwa na shughuli jana amekuandikia leo. Ukinyamaza ili kumwadhibu, utajiadhibu mwenyewe kwanza.

Na wewe unayesema, "Nimechelewa mno, nitaona haya kuandika sasa," kumbuka barua ya Le Verrier kwa Galle. Ilichelewa, lakini ndiyo iliyoleta sayari. Barua nzuri ya Adams, ile ya kurasa mbili, haikuleta kitu, kwa kuwa ilikaa nyumbani. Jibu fupi lililotumwa ni bora kuliko jibu refu lililo moyoni. Mtume Paulo alitufundisha kuyaangalia mambo ya wengine, si yetu wenyewe tu. Jioni hii hilo laweza kuanza na mistari mitatu: "Nisamehe kwa kukawia. Nimepata swali lako. Jibu ni hili."

Basi kabla hujalala, fanya kazi hii ndogo. Toa barua ile katika Biblia, au fungua ujumbe ule katika simu. Mjibu mtu mmoja. Kisha toka nje ya mlango wako utazame juu. Neptuni hutaiona kwa macho. Iko mbali mno. Lakini iko, inazunguka polepole. Tangu usiku ule wa Berlin hata mwaka 2011 ilikuwa imelizunguka jua mara moja tu. Wakati wote ambao wanadamu hawakuijua, Mungu aliijua, kwa maana Zaburi ya 147 yatuambia kwamba nyota zote kwake zina hesabu na zina majina. Na Mungu huyo mwenye kazi kubwa namna hiyo hajawahi kumwambia mtoto wake mlangoni kwamba ana shughuli.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe hutusikia kabla hatujamaliza kuomba. Utusamehe kwa watu tuliowaacha wakingoja. Utupe moyo wa kujibu, na moyo wa kukiri kosa bila kumtupia mwenzetu, na moyo wa kufurahi mwenzetu anapopewa sifa tuliyoitamani sisi. Uwakumbuke wote wanaongoja jibu usiku huu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Mungu awape usiku mwema.